Farasi wa samadi au matrekta? Kusoma Tao Te Ching kwa tafsiri nyingi

Swali: "Shikamoo mwalimu. Tuko watu sita hapa Mwanza, tunakutana Jumapili jioni kusoma kitabu kimoja pamoja. Safari hii tumechukua Tao Te Ching ya Laozi, kile kitabu cha kale cha hekima ya Kichina. Nakala zinazofanana hatukupata, hivyo kila mtu anakuja na yake. Mimi nina Kiingereza cha D. C. Lau, mwenzetu aliyesomea Bukavu ana Kifaransa cha Julien, mzee mmoja ana ya Wing-tsit Chan, na dada mmoja ana ya Stephen Mitchell kwenye simu. Wiki ya tatu sasa tumekwama sura ya kwanza. Nakala moja inasema tuondoe tamaa, nyingine inazungumzia 'kutokuwepo' na tamaa haiitaji kabisa. Tukaruka hadi sura ya 46: mzee akasoma habari za farasi na samadi, dada akasoma viwanda, malori na matrekta! Tulicheka, halafu tukagombana. Ipi ni sahihi tuishike, nyingine tuziweke kando? Mmoja wetu anasema asiyejua Kichina anapoteza muda wake. Na mwingine, huyu ndiye ananitia wasiwasi, anataka kuacha kazi kwa sababu kitabu kinafundisha 'kutotenda'."

Marahaba, na wape salamu wenzako. Wiki tatu kwa sura ya kwanza si nyingi. Mimi nimeifundisha mara nyingi na bado kila mwaka kuna mwanafunzi ananirudisha nyuma. Suala la mwenzenu wa kuacha kazi nitalifikia, sijalisahau. Nianze na hili la "ipi sahihi", maana ndilo lililowagombanisha.

Unauliza kana kwamba kuna karatasi moja mahali fulani ambayo watafsiri wote wanne waliikodolea macho, mmoja akaona vizuri na watatu wakakosea. Karatasi hiyo haipo. Kilichopo ni matini ya herufi za Kichina zipatazo 5,000, iliyogawanywa katika sura 81, ambayo wengi wameisoma kupitia nakala zilizoambatana na ufafanuzi wa Wang Bi, kijana aliyezaliwa mwaka 226 BK na kufariki akiwa na miaka 23 tu. Kitabu chenyewe ni cha kale kuliko yeye kwa karne nyingi. Ile hadithi ya Laozi kuwa mtunza nyaraka wa wafalme wa Zhou, nasaba ya kale ya China, akachoka, akaelekea magharibi, na mlinzi wa mpakani akamwomba aandike anayoyajua kabla hajapotea, tunaipata kwa mwanahistoria Sima Qian, aliyeandika mnamo mwaka 100 KK. Hata Sima Qian mwenyewe anaisimulia kwa kusitasita.

Kisha ardhi ikaanza kutoa ushahidi. Mwaka 1973, huko Mawangdui karibu na Changsha, kulifunguliwa kaburi lililofungwa mwaka 168 KK. Ndani yake zilikutwa nakala mbili za kitabu hiki zilizoandikwa kwenye hariri, na zote mbili zinaanza na nusu ya pili: sura yetu ya 38 ndiyo ya mwanzo kwao. Mwaka 1993, huko Guodian katika jimbo la Hubei, vikapatikana vipande vya mianzi vya mnamo mwaka 300 KK vyenye sehemu tu ya maneno haya, chini ya nusu, na kwa mpangilio mwingine kabisa. Kwa hiyo jambo la kwanza kutazama katika nakala zenu ni mwaka. Julien alichapisha Paris mwaka 1842. Lau na Chan wote walitoa zao mwaka 1963. Hakuna hata mmoja wao ambaye angeweza kuiona hariri ya Mawangdui wakati ule. (Lau aliirudia kazi yake baadaye kwa kuitumia, angalia kama yako ni ile ya mwanzo.)

Tofauti hizo si za herufi mbili tatu za kupuuza. Sura ya 41 ina maneno ambayo Wachina wameyafanya methali: chombo kikubwa huchelewa kukamilika. Mzazi humfariji nayo mtoto aliyechelewa kufaulu. Nakala ya pili ya hariri haina "huchelewa". Ina herufi ya kuepukana na jambo, yaani chombo kikubwa hakina kukamilika. Sasa tazama mistari inayoizunguka: mraba mkubwa hauna pembe, umbo kubwa halina sura. Kila mstari unakanusha. "Hakina kukamilika" inakaa mle vizuri zaidi, na ile faraja ya wazazi huenda ilizaliwa na mkono wa mnakili. Au chukua sura ya 19, ambayo katika matini iliyozoeleka inataka utu na haki vitupiliwe mbali, maneno ambayo kwa karne nyingi yamesomwa kama kofi kwa wafuasi wa Confucius, yule mwalimu wa maadili wa China ya kale. Kwenye mianzi ya Guodian kofi hilo halipo.

Hata neno "daima" la mstari wa kwanza lina historia yake. Nakala za hariri zinatumia *heng*, matini iliyozoeleka inatumia *chang*. Maana zake ni karibu sawa, lakini Heng lilikuwa jina la mfalme Wen wa Han, na jina la mfalme halikuandikwa ovyo, waandishi wakalikwepa. Wengi wenu mmekulia kwenye familia zenye mwiko wa kutaja jina la mkwe, hamhitaji kuelezwa zaidi.

Haya, sura ya kwanza. Ugomvi wenu wa tamaa hauhusu maana ya neno lolote. Unahusu mkato. Kichina cha kale kiliandikwa bila nukta wala mkato, na msomaji ndiye aliyekata sentensi mwenyewe. Kiswahili nacho kinajua mchezo huu. Andika: Asha alisema Juma ni mwongo. Mwongo ni Juma. Sasa weka mikato miwili: Asha, alisema Juma, ni mwongo. Maneno ni yaleyale, aliyechafuliwa jina ni mwingine.

Mstari wenu, neno kwa neno, unakwenda hivi: kwa hiyo – daima – bila – taka – ili – tazama – yake – fumbo. Wang Bi alikata baada ya "taka": daima bila kutaka, ndivyo utazamavyo fumbo lake. Huyo ndiye Lau wako. Karne ya 11, Wang Anshi, waziri na msomi wa enzi ya Song, alikata baada ya "bila": daima pasipo kitu, na hapo mtu ataka kutazama fumbo lake. Huyo ndiye Chan wa mzee. Herufi ni zilezile, na wote wawili hawakuzusha.

Nani kashinda? Nakala za hariri zina kijineno kidogo, *ye*, mara tu baada ya "taka", na kazi yake mahali kama hapo ni kumfanya msomaji apumue. Angalau mnakili wa Mawangdui alikata kama Wang Bi. Mimi niko upande huo. Lakini nisingemwambia mzee aitupe nakala yake, maana Wachina wenyewe wameusoma mstari huu kwa namna zote mbili kwa miaka 900 na zaidi, na mawazo mengi mazuri yamejengwa juu ya mkato wa Wang Anshi.

Hapa niongeze jambo ambalo halimo katika nakala yenu yoyote, kwa sababu si Kiingereza wala Kifaransa kinachoweza kuwapa. Yale maneno mawili, *you* na *wu*, ambayo vitabu vingi vinayatafsiri kwa istilahi nzito za falsafa ya Kigiriki, "kuwa" na "kutokuwa", kwa Kichina ni maneno ya jikoni. *You* ni kuwa na kitu. Ni neno hilohilo la kusema kuna mchele. *Wu* ni kinyume chake. Kiswahili kimejengwa hivyohivyo: kuna, hakuna, pana, hapana, mna, hamna. Sisi pia tunasema kitu kipo kwa kusema kwamba mahali "pana" nacho. Someni sura ya 11 kwa namna hiyo. Vijiti thelathini hukutana kwenye kitovu kimoja cha gurudumu; udongo hufinyangwa kuwa chombo; milango na madirisha hutobolewa kuwa nyumba. Kisha Laozi anasema, kwa Kiswahili changu: palipo hamna, ndipo mtungi unapofaa. Ukiwa na "hamna" mdomoni, huna haja ya maelezo ya kurasa tatu kuhusu utupu wa kimetafizikia. Mama anayekwenda kisimani anajua amebeba nini.

Sijui kwa nini watu wetu husoma vitabu vya Asia kana kwamba lazima vipitie London kwanza.

Neno *dao* lenyewe (Tao na Dao ni neno moja, mfumo wa kuliandika tu ndio uliobadilika) lina maana ya njia, na pia lina maana ya kusema. Mstari wa kwanza una herufi sita, na tatu kati yake ni dao: dao – weza – dao – si – daima – dao. Lugha ya mtafsiri ikikosa neno moja lenye maana zote mbili, lazima achague. Akiegemea kusema, ni njia inayosemeka. Akiegemea njia, ni njia inayopitika, na wapo wanaousoma hivyo. Katika Kiswahili mtu anaweza kulinasa angalau pigo la ngoma yake: neno linaloneneka si neno la daima. Neno, neneka, neno. Hapo njia imepotea, lakini mwangwi umebaki.

Ila mkichagua "neno", jueni mnafungua mlango gani. Biblia ya Kichina ya mwaka 1919, ile iliyoenea zaidi kwa Waprotestanti, inapofika Yohana 1:1, pale Biblia yetu inaposema "Hapo mwanzo kulikuwako Neno", yenyewe inasema hapo mwanzo kulikuwako *dao*. Nimeshasikia mahubiri yakijengwa juu ya hilo, kwamba Laozi alimtabiri Kristo. Kilichotokea ni kwamba watafsiri wa Biblia waliazima neno ambalo Mchina alikuwa akiliheshimu tayari. Wamisionari waliazima, Laozi hakutabiri. Na kama kuna mwenzenu, Mkristo au Mwislamu, ambaye moyo wake hautulii kuhusu kukisoma kitabu hiki, asijibiwe na kikundi. Akaongee na mchungaji wake au sheikh wake anayemwamini.

Sasa matrekta. Sura ya 46 inasema: dunia ikiwa na dao, farasi wa mbio hurudishwa kutia samadi, dunia ikikosa dao, farasi wa vita huzaliwa viungani mwa mji. Neno la Kichina pale ni samadi, au kurutubisha shamba kwa samadi. Ndiyo maana kuna nakala zenye farasi wanaolima na nyingine zenye farasi wanaotoa mbolea. Wote wamo shambani, hapo hapana ugomvi wa maana. Mitchell, mwaka 1988, akaweka viwanda vinavyotengeneza malori na matrekta, na upande wa pili makombora. Hasomi Kichina, na hakuficha. Alifanya kazi kwa kulinganisha tafsiri za wengine. Mwandishi Ursula K. Le Guin naye, mwaka 1997, alitoa yake bila kujua Kichina, ila alisaidiwa na msomi wa lugha hiyo, J. P. Seaton, na mahali pengi anaeleza kwa nini kachagua alichochagua.

Je, dada aifute kwenye simu? Hapana. Aisome kwa sauti, tena aisome ya mwisho, baada ya wengine. Lakini mkibishana Laozi alisema nini, nakala hiyo isiitwe kutoa ushahidi. Huyo ni mtu aliyeusikia wimbo kwa jirani akauimba upya, tena kwa sauti nzuri. Kumsikiliza ni raha. Kumuuliza maneno ya mwanzo yalikuwaje ni kumwonea.

Kwa hiyo msiishike moja. Mkibaki na Lau peke yake mtadhani mashaka yote yamekwisha, kumbe yeye ndiye aliyeyamaliza kwa niaba yenu, kimyakimya, kabla hamjafungua ukurasa. Shikeni nakala mbili zenye maelezo ya chini, na mojawapo iwe ya baada ya 1973. Zilizobaki ziwe wageni wa barazani. Someni sura nzima kwa sauti katika kila nakala bila kukatizana. Zinapokubaliana, piteni. Zinapogombana, simameni, na msipige kura. Ulizeni kwanza ugomvi umetoka wapi: ni nakala ya kale tofauti, ni mkato, ni neno lenye maana mbili, au ni mtafsiri tu amejisikia? Mara nyingi jibu mtalipata kwenye maelezo ya chini, na ugomvi wa wiki tatu utakwisha kwa dakika kumi. Mara nyingine hautakwisha, nayo ni sawa.

Halafu jaribuni kuandika sura hiyo kwa Kiswahili, hata kama ni mistari minne. Hapo ndipo mtajua mmeelewa nini. Kiswahili kitawabana mahali ambapo Kichina hakimbani mtu. Sura ya 42: dao huzaa moja, moja huzaa mbili, mbili huzaa tatu, tatu huzaa vitu vyote. Mtaandika "moja" au "mmoja"? Ukiandika "mmoja" umeshaweka mtu pale, pengine hata Mungu. "Ilizaa" au "huzaa"? Ukisema "ilizaa" umeandika habari ya uumbaji, siku moja ya kale. "Huzaa" ni sasa na kila siku. Kichina hakina nyakati za kitenzi, hakisemi. Nafurahi kwamba tuna hiyo "hu-". Tena kuna mahali lugha yetu inawaokoa: yule mwenye hekima anayetajwa kila baada ya sura mbili tatu, ambaye Waingereza wamemfanya mwanamume na Mitchell akambadilisha mara mwanamume mara mwanamke, kwetu ni "a-" tu.

Kuhusu asiyejua Kichina kupoteza muda: ana nusu ya ukweli. Ila ajue kwamba Mchina wa leo naye hakifungui kitabu hiki akakisoma kama gazeti. Anakisoma kwa ufafanuzi na kwa tafsiri ya Kichina cha sasa. Mpe kijana wa Mwanza utenzi wa Al-Inkishafi katika hati ya Kiarabu, Kiswahili cha Lamu cha mwanzoni mwa karne ya 19, ambamo herufi moja ilisimama kwa b, p na mb, uone kama kuwa Mswahili kutamtosha. Mnachoweza kufanya ni kujifunza herufi chache zinazorudi kila mara: *dao*, *de* (wema, au nguvu ya ndani), *wu*, *you*, *wei* (kutenda), *ming* (jina), *chang*. Wiki mbili zinatosha kuzitambua. Mkiweka matini ya Kichina mezani mtaweza kuhakikisha kama neno analotumia Julien sura ya 1 ndilo lilelile analolitafsiri tofauti sura ya 11.

Sasa huyo anayetaka kuacha kazi. *Wu wei* kuitwa "kutotenda" ni sahihi kimaneno, na imepotosha watu wengi. *Wei* hapa ni kutenda kwa kulazimisha, kujishughulisha mpaka unaharibu. Nyie watu wa dagaa mnajua zaidi yangu. Sura ya 60: kutawala nchi kubwa ni kama kupika samaki wadogo. Geuzageuza dagaa wabichi kila dakika, utabaki na rojo lenye vichwa. Mpishi yule hakulala. Yuko jikoni, macho kwenye moto, mkono ameuzuia. Katika Zhuangzi, kitabu kingine cha mkondo huu, kuna mchinjaji Ding ambaye kisu chake kina miaka 19 bila kunolewa, kwa sababu anajua kukipitisha penye nafasi kati ya mifupa. Huyo ndiye mfano mkubwa wa *wu wei*, na yuko kazini. Tena kumbukeni kwamba sehemu kubwa ya maneno haya iliwalenga watawala, kuwaambia wapunguze amri na kodi. Karani wa ofisi hakuwa mlengwa wa kwanza.

Lakini ningekuomba umsikilize kwa sikio jingine. Mtu haachi kazi kwa ajili ya mstari wa kitabu cha kale. Mara nyingi ameshachoka, na mstari umempa jina la uchovu wake. Msimkosoe mbele ya watu watano Jumapili jioni. Mchukue kando, muulize analalaje, kazini kukoje. Kama halali usingizi, hali chakula, au hana hamu ya lolote, hilo si la kikundi cha kusoma wala si langu; msindikize kwa daktari au mshauri nasaha. Na akitokea mtu wa kuwauzia dawa au mazoezi ya siri "ya Kitao" ya kuponya maradhi, kitabu mnachosoma hakina dawa hata moja ndani yake.

Kwa upande wa lugha, mkipata mtu aliyesoma Kichina cha kale, mwalikeni ana kwa ana walau mara moja kwa miezi miwili. Ulizieni vyuo vikuu vyenye Taasisi ya Confucius, ila mseme wazi kwamba mnataka Kichina cha kale, kwa sababu wengi hufundisha cha mazungumzo tu. Akija msimuulize sura ina maana gani, atawapa hotuba. Mpeni mstari mmoja usio na mikato na kalamu nyekundu, mumwombe aweke mikato yake mwenyewe, kisha mumuulize kwa nini kaweka hapo.